Kabla ya Kuanza Kazi ya Kupiga Mchanga

Wengi mmeniuliza kuhusu kazi za karakana zinazosafisha vyuma. Mshahara unavutia, na Kiingereza kingi hakihitajiki.

Kazi yenyewe ni hii: kompresa inasukuma hewa kwa nguvu kupitia mpira, hewa inabeba chembe kali, na chembe zinakwangua kutu na rangi kuukuu mpaka chuma kibaki kitupu, tayari kushika rangi mpya.

Swali la kwanza kwa msimamizi: ndani ya mfuko mna nini? Kama ni mchanga wa kawaida, jihadhari sana. Mchanga ukigonga chuma unavunjika kuwa vumbi la silika, laini hata macho hayalioni. Linaingia chini kabisa kwenye mapafu na kubaki huko. Ugonjwa wake, silikosisi, hauponi, tena humfanya mtu apatwe na kifua kikuu kwa urahisi. Wewe uliyeambiwa ulipopimwa kwamba una TB iliyolala, zungumza na daktari kwanza. Uingereza ilipiga marufuku mchanga huo kwa kanuni za 1949. Hapa Marekani bado unatumika, kwa masharti.

Karakana nyingine hutumia chembe za chuma. Hiyo ni afadhali, ila rangi kuukuu inaweza kuwa na risasi, na hapo ndipo ninapowaogopea watoto. Baba anarudi, mtoto anamrukia, vumbi liko kwenye shati. Badilisheni nguo na viatu kazini, ogeni huko kama kuna bafu, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Anayeshika mpira avae kofia inayomfunika mpaka mabegani, inayoletewa hewa safi kwa bomba lake. Barakoa ya karatasi haimsaidii kitu. Sheria za OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, zinamtaka mwajiri akupe kifaa hicho bure na akufundishe kwa lugha unayoielewa. Ndiyo, hata Kiswahili. Ukifukuzwa kwa sababu umelalamika, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko OSHA, kwa hiyo usikae nyumbani ukiwaza. Njoo ofisini kesho yake.

Na kama maandishi ya mfuko yanakushinda kusoma, yapige picha kwa simu, uniletee.