Maumivu ya Nyayo na Vifundo vya Miguu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya maumivu ya miguu, na sababu yake ni wazi kwa kila aliyeisoma hesabu ya Mfuko wa Wagonjwa. Wanachama wetu wengi ni watu wa kusimama: walinzi wa usiku, waalimu, watumishi wa hoteli, wachukuzi wa sokoni, na akina mama wauzao mboga tangu alfajiri hata magharibi. Sisi tuziandikao fomu za msaada huliona neno "mguu" mara nyingi. Lakini mguu ni neno kubwa. Mmoja amelala nyumbani kwa ajili ya kisigino kitakachopona bila ya sindano. Mwingine yu kazini na kidonda kisichomwuma, naye ndiye aliye hatarini. Sisi si matabibu. Haya tumeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wajuao.

Wayo wa mtu una mifupa 26 iliyofungwa pamoja kwa kano nyingi, na kila hatua tupigayo uzito wa mwili huushukia. Basi si ajabu ukilalamika.

Tuanze na kisigino. Mtu aamkapo na kukanyaga chini husikia kama amechomwa na mwiba. Akitembea kidogo maumivu hupungua, na jioni baada ya kusimama sana hurudi. Mara nyingi chanzo chake ni ule ukanda mgumu upitao chini ya wayo, kutoka kisiginoni hata kwenye vidole, ambao umechoka kwa kuvutwa. Wengine hupigwa picha ya eksirei, wakaonyeshwa kijimfupa kilichochomoza, nao wakataka kikatwe. Lakini wako watu wengi wenye kijimfupa kama hicho wala hawaumwi. Dawa iliyo kubwa ni kuunyoosha ukanda huo. Kabla ya kuondoka kitandani, shikeni vidole vya mguu kwa mkono au kwa kanga, mvivute kuelekea kwenye muundi, mhesabu polepole hata thelathini. Kisha mrudie mara kadhaa. Fanyeni hivyo kila siku, kwa wiki nyingi. Walio wengi hupona kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ni muda mrefu, twajua. Ndiyo maana watu huchoka njiani wakakimbilia sindano, ambayo hutuliza kwa kitambo, lakini ikirudiwa rudiwa yaweza kuudhoofisha ukanda wenyewe hata ukatike.

Viatu navyo vina neno lao. Mtumba ndio uwezo wa mifuko yetu, wala hatuudharau. Lakini mnunuapo kitazameni kisigino cha kiatu: kikiwa kimelika upande mmoja, mwenyewe wa kwanza amekiachia mwendo wake, nanyi mtalazimika kuufuata.

Kuteguka kifundo ndiyo ajali ya kila siku. Mtu hukosea ngazi ya matatu au kuingia shimoni, wayo ukageukia ndani, na kano za upande wa nje zikavutika au kuchanika. Hapo jirani wema hujitokeza na mafuta ya moto, wakaukanda na kuuvuta mguu huku mwenyewe akipiga kelele. Nia yao ni njema, lakini kazi yao huzidisha uvimbe. Siku mbili tatu za kwanza yafaa mguu upumzishwe, uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji isiyobana mno, na utiliwe kitambaa cha maji baridi. Baada ya hapo, mguu usilazwe majuma mazima. Uanze kutembezwa kidogo kidogo. Na maumivu yakiisha, mtu ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, maana kifundo kilichoteguka mara moja hupenda kuteguka tena.

Je, mtu atajuaje kwamba hakuvunjika? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni ambayo hata leo hutumika katika nchi nyingi. Mgonjwa asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia akibonyezwa nyuma ya kinundu chochote kati ya viwili vya kifundo, ahitaji picha. Hatua nne tu, Mabwana. Mtu aweza kujipima mlangoni kwake.

Jongo, lishikalo kidole gumba ghafula usiku hata shuka lisivumilike, lina dawa zake kwa tabibu, wala lisichukuliwe kuwa ni kuteguka. Funza nao, kwa wale warudio mashambani, wasichokolewe kwa pini moja ipitayo mguu hadi mguu, kwani pini hiyo huchukua maradhi ya damu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta hapa. Ugonjwa wa sukari ukikaa sana mwilini huua hisia za nyayo na kuipunguza damu iendayo huko. Mwenye ugonjwa huo aweza kutembea kutwa na kijiwe ndani ya kiatu asijue. Kijiwe huwa lengelenge, lengelenge huwa kidonda, na kidonda huoza kimya kimya. Aweza pia kuona kifundo kimevimba na kupata moto bila maumivu makubwa, akadhani ameteguka, akaendelea kukikanyaga. Kumbe mifupa ya ndani inavunjika. Mtu huyo asingoje hata siku ya pili. Asiyesikia maumivu hana wa kumwonya, basi macho yafanye kazi ya hisia: kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo au amwite mtoto amtazamie, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, asitembee pekupeku hata nyumbani, na maji ya kuogea ayapime kwa kiwiko, si kwa mguu.

Mfuko wetu hutoa msaada mtu akatwapo mguu, na hutoa tena familia yake ikosapo chakula. Bado hautoi chochote kwa kupima sukari, wala kwa jozi ya viatu vipana vya mwanachama ambaye tayari hasikii nyayo zake. Kwa hiyo twaomba kanuni ya Mfuko iongezewe mambo hayo mawili, na hoja hiyo twaiweka mezani kwako, Bwana Mwenyekiti, ili ipigiwe kura kabla ya hesabu ya mwaka kupitishwa.