Iafoni za Bei ya Juu: Tunalipia Nini?



Vipokea sauti vya kutumbukizwa masikioni, ambavyo sokoni vyote huitwa iafoni, vimekuwa bidhaa ya kila mtu. Zipo zinazotembezwa barabarani mkononi mwa mchuuzi, na zipo zinazofungiwa katika kabati la kioo kwa bei inayoizidi ya simu yenyewe. Leo tunazungumzia hizo za kabatini. Mtu akikosea katika iafoni ya shilingi elfu tano amepoteza nauli ya siku chache. Akikosea katika iafoni ya shilingi milioni tatu, amepoteza ada ya mtoto au mtaji wa biashara. Tena wanunuzi wake si matajiri peke yao. Wamo mafundi mitambo wa kwaya, wamo vijana wenye studio za chumba kimoja, wamo wapiga ala, na baadhi yao hukopa kwa imani kwamba chombo cha bei kubwa kitawafunulia yale ambayo chombo cha bei nafuu huyaficha. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko unavyotangazwa.

Iafoni za aina hii zilianza kama zana za kazi. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya Marekani ilitoa iafoni ya ER-4, iliyoingia ndani ya tundu la sikio na kulizuia lisipate kelele za nje. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen iafoni za kutumia jukwaani, ili aisikie bendi bila kuzidiwa na makelele. Thamani ya kwanza ya chombo hiki, kwa hiyo, ilikuwa kuziba sikio vizuri. Tunaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa kuwa tutalirejea.

Je, bei kubwa huleta sauti bora? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya vipokea sauti 283, vya kichwani na vya masikioni, ambavyo bei zake zilipishana mno. Alichopima ni namna kila kimoja kinavyogawa nguvu baina ya besi, sauti za kati na sauti za juu, yaani kile ambacho msikilizaji wa kawaida hukiita ladha ya sauti. Hakuona uhusiano wowote kati ya mgawanyo huo na bei ya dukani. Katika miaka hiyohiyo Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman waliwasikilizisha watu iafoni mbalimbali kwa njia ya werevu: walitumia chombo kimoja tu, wakaigiza ndani yake sauti ya kila iafoni, ili msikilizaji asijue jina wala umbo la kile anachokipa alama. Wengi waliupendelea mgawanyo wa sauti unaofanana na wa spika nzuri zilizowekwa katika chumba kizuri. Ni haki tuseme pia kwamba Harman nayo ni mfanyabiashara wa vipokea sauti. Hata hivyo njia yake ya kuficha jina la bidhaa ni njia ambayo mlaji yeyote anaweza kuiiga, na tutaieleza hivi punde.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba iafoni ya gharama ni utapeli. Uchunguzi wa Breebaart haukupima uimara wa waya, wala ubora wa ganda, wala uwezekano wa kutengenezewa chombo kikiharibika. Mambo hayo yana gharama ya kweli. Tuchukue mfano wa ukoo mmoja wa bidhaa, iafoni za Sennheiser za Ujerumani. Kati ya mwaka 2021 na 2023 ziliingia sokoni iafoni nne za waya: IE 300, IE 900, IE 600 na IE 200. Bei zilizotangazwa Marekani zilikuwa takriban dola 150 kwa IE 200, dola 300 kwa IE 300, dola 700 kwa IE 600 na dola 1,300 kwa IE 900. Hiyo ya mwisho, kwa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka ya karibuni, inagusa au kuzidi shilingi milioni tatu za Tanzania kabla ya kodi na usafirishaji.

Sasa tazameni kilichomo ndani. Zote nne zina spika ndogo moja tu kila upande, yenye kipenyo cha milimita 7. Zote nne zina waya unaochomoka, hivyo waya ukikatika hununui chombo kizima. Tofauti zimo katika ganda na katika njia ya sauti: IE 200 na IE 300 zina ganda la plastiki, IE 600 ina ganda la madini ya zirkoniamu lililotengenezwa kwa uchapaji wa tabaka kwa tabaka, IE 900 ina ganda lililochongwa kutoka kipande cha alumini, na ndani yake mmechongwa vyumba vidogo vitatu vya kutuliza mlio mkali wa sauti za juu. Ndani ya kisanduku cha IE 900 mna waya tatu zenye pini tofauti. Vyumba hivyo vitatu vina kazi, na sikio lililozoea linaweza kuusikia ulaini wake katika matoazi na fidla. Lakini bei imepanda karibu mara tisa, na hatudhani kuna msikilizaji anayeweza kudai kwa dhati kwamba sauti nayo imepanda mara tisa. Kwa maoni yetu, hatua yenye faida kubwa kwa mlaji ni ile ya kutoka iafoni ya barabarani hadi iafoni iliyosanifiwa kwa uangalifu. Kutoka hapo kwenda juu, kila shilingi hununua tofauti ndogo zaidi, na sehemu kubwa ya fedha huenda katika ganda, waya, vifaa vya ziada na fahari ya kumiliki.

IE 200, iliyo ya bei ya chini kabisa katika nne hizo, inatufundisha jambo lingine. Vipira vyake vya silikoni vinaweza kuvishwa katika nafasi mbili, na nafasi mojawapo huacha upenyo mdogo wa hewa. Upenyo huo peke yake hupunguza besi. Kwa maneno mengine, mtengenezaji mwenyewe anakiri kwamba sauti hubadilika bila kugusa spika, kwa kubadilisha tu namna sikio linavyozibwa. Mara nyingi mtu anayelalamika kwamba iafoni yake ya gharama ni nyembamba kama redio ya mkulima ana kipira kisichomtosha. Besi imevuja. Masikio ya mtu mmoja huweza hata kutofautiana, la kulia likataka kipira cha kati na la kushoto kikubwa. Kabla ya kuhukumu iafoni yoyote, jaribuni vipira vyote vilivyomo kisandukuni. Dalili ya kuziba vizuri ni kwamba sauti yako mwenyewe ukizungumza inavuma kichwani, na kelele za barabarani zinafifia.

Tena tundu la sikio lenyewe ni ala. Lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na kwa asili yake huzidisha nguvu ya sauti zilizo karibu na hezi 3,000, eneo ambalo hutufanya tuelewe maneno ya mtu. Iafoni ikiingia inaivuruga tabia hiyo, na mtengenezaji hulazimika kuirudisha kwa usanifu. Kwa kuwa matundu yetu hayalingani urefu wala umbo, sauti za juu kabisa humfikia kila mmoja kwa namna yake. Ndiyo maana sifa alizozitoa rafiki, hata awe mkweli kiasi gani, haziwezi kuchukua nafasi ya sikio la mnunuzi.

Basi mlinganishe vipi? Nendeni dukani na simu mnayoitumia kila siku pamoja na vipira vyenu wenyewe, kwa sababu muuzaji ana haki ya kukataa bidhaa yake iingizwe masikioni mwa kila mpita njia, na vipira vyenu vitamwondolea hofu hiyo. Mwombeni asitaje bei hadi mmalize. Umbo la iafoni mtalihisi, hilo haliepukiki. Walau bei isiwanong'oneze. Chagueni nyimbo chache mnazozijua kwa miaka: taarabu yenye fidla na ganuni, kwaya ya sauti nne, na wimbo mmoja wenye besi nzito. Je, ganuni inasikika chini ya fidla, au imefunikwa? Je, herufi "s" katika kinywa cha mwimbaji inachoma? Sauti ya pili na ya tatu za kwaya zinatengana, au ni wingu moja? Msitosheke na dakika mbili. Iafoni inayong'ara dakika za mwanzo huweza kulichosha sikio baada ya robo saa.

Hapa upo mtego ambao huwanasa hata mafundi. Iafoni hazipokei umeme kwa wepesi ulio sawa. Simu ikiwa katika kiwango kilekile, moja itapaza zaidi ya nyingine. Na sikio la binadamu hutafsiri sauti kubwa kuwa sauti bora. Tangu mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo hutoweka kwanza masikioni mwetu. Ikipazwa, besi hurudi na muziki hujaa. Kwa hiyo iafoni inayopaza kidogo tu itaonekana nono na hai kuliko mwenzake, ilhali haina sifa nyingine yoyote. Chukueni rekodi ya mtu anayezungumza, rekebisheni kila iafoni hadi maneno yasikike kwa ukubwa mmoja, ndipo mwanze kulinganisha. Muuzaji akipandisha sauti kila anapowavisha ile ya bei kubwa, mteremshieni.

Maandishi ya kisanduku nayo yana namna yake. Binadamu mwenye masikio mazima husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, na kikomo cha juu hushuka kadiri umri unavyosonga. Nembo ya Hi-Res Audio inakitaka kipokea sauti kifike hezi 40,000. Ni kweli kinaweza kufika, ila huko hakuna wa kukisikia. Idadi ya spika ndogo ni kishawishi kingine: zipo iafoni zenye spika moja na zipo zenye kumi na mbili kila upande. Spika nyingi humpa msanifu nafasi ya kugawa kazi, na pia humpa nafasi ya kukosea mahali pengi zaidi.

Tukija kwenye haki zenu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Iafoni bandia iliyovishwa jina la kampuni maarufu, au iliyotumika ikauzwa kama mpya, inaingia humo. Bei iliyo nusu ya kawaida, muuzaji anayekwepa kutoa risiti ya EFD, kisanduku chenye maandishi yaliyokosewa: yoyote kati ya hayo yawatie shaka. Namba ya utambulisho peke yake si ushahidi, kwani waghushi hunakili namba moja katika visanduku mia. Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu wake juu ya bidhaa yenye kasoro. Hata hivyo, kutoipenda sauti si kasoro. Kama mnataka nafasi ya kurudisha iafoni baada ya kuisikiliza nyumbani, patanishaneni kabla ya kulipa, na masharti yaandikwe juu ya risiti: siku ngapi, katika hali gani, fedha au bidhaa nyingine. Mkileta malalamiko, njooni na risiti, kisanduku, na picha ya tangazo lililowavuta. Tangazo la mtandaoni lipigwe picha siku hiyohiyo, maana hufutwa.

Lipo neno moja kuhusu afya, nalo linagusa thamani moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu mzima kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo unapungua hadi saa nne tu. Ndani ya daladala, mwenye iafoni isiyoziba hupandisha sauti ili aishinde injini na kondakta. Mwenye iafoni inayoziba vizuri, hata kama ni ya bei ya wastani, husikia wimbo uleule kwa sauti ya chini. Tukilazimika kutaja sifa moja inayostahili kulipiwa kabla ya nyingine zote, tutataja hiyo. Nayo iondoeni masikioni mnapovuka barabara.

Juu ya meza ile tumeweka iafoni mbili, bei zake zimefunikwa kwa karatasi. Vipira vipya vya saizi tatu vimo katika bakuli, na sauti tumekwisha kuisawazisha. Karibuni mmoja mmoja, mwandike mliyoipenda kabla hatujafunua, kisha tutapokea maswali.