Mizani na Daftari



Katika furaha ya jubilei hii twapenda kunena juu ya elimu ya biashara. Wako wasemao kwamba elimu hiyo ni ya kumpatia mtu mali yake peke yake. Sivyo. Yaweza kuwa pia kazi ya kumpenda jirani, nayo nchi ya Usukuma yashuhudia.

Zamani mkulima wetu alipeleka pamba sokoni, wala hakujua kusoma mizani ya mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, ili wasipunjwe. Ndipo vyama vikakua. Paul Bomani, aliyekuwa karani huku Mwadui, alikwenda Uingereza mwaka 1953 kujifunza ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi, elimu yake ikawafaa wengi: mwaka 1955 uliundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, naye akawa meneja mkuu. Muungano huo ukauza pamba ya wanachama, hata ukapata viwanda vya kuchambulia.

Lakini tuangalie yaliyofuata. Tume ya serikali ya mwaka 1966 ilikuta wizi na usimamizi mbaya katika vyama vya ushirika nchini. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Sababu zilikuwa nyingi, na moja twaiona ni hii: mwanachama alijifunza kusoma mizani, asijifunze kusoma daftari.

Leo neno lile lile liko Geita. Tangu Machi 2019 liko soko la madini, ambapo mchimbaji mdogo hupimiwa dhahabu yake mahali pa wazi. Ni jambo jema. Lakini mizani ya soko haimwambii gharama ya shimo lake, wala fungu la wenzake, wala deni la chakula alichokopa. Asiyeandika hayo hushika fedha mkononi, asijue kama amepata ama amepoteza.

Basi, Waalimu, msiwafundishe hesabu makarani tu. Mfundisheni na mwanachama wa mwisho, mama muuza mpunga na kijana wa shimoni. Na katika kila chama cha parokia, daftari lisomwe mbele ya wote. Kitabu cha Mithali chatuonya kwamba Mungu huchukia mizani ya hila. Na daftari lililofichwa ni mizani ya hila.

Mungu awabariki.