Taarifa Zako Zisisomwe Katika Anwani ya Ukurasa

(Mada iliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Ngombezi)



Huduma nyingi ambazo zamani tulizifuata ofisini, sasa huombwa kwa mtandao: leseni ya biashara, cheti cha kuzaliwa, ajira, hata mkopo wa kikundi. Wengi wetu hujaza fomu hizo katika kompyuta ya steshenari, ambayo kabla yetu ilitumiwa na wengine na baada yetu itatumiwa na wengine.

Fomu hizo mara nyingi huwa na kurasa kadhaa. Ukurasa wa kwanza huuliza jina, wa pili namba ya NIDA, wa tatu namba ya simu. Ukibonyeza "Endelea", ulichoandika lazima kikufuate ukurasa unaofuata. Njia tatu za kukipitisha ni hizi.

Njia ya kwanza ni kukiandika katika anwani ya ukurasa, ule mstari wa juu ya kioo. Baada ya jina la tovuti hufuata alama ya kuuliza, kisha maelezo yako yakiwa wazi. Ni sawa na kuandika shida yako juu ya bahasha. Anwani hiyo hubaki katika kumbukumbu za kivinjari, na anayekalia kiti baada yako aweza kuifungua.

Njia ya pili ni kuyaweka maelezo ndani ya bahasha, yaani katika kiini cha ujumbe unaokwenda kwenye seva. Anwani hubaki safi. Njia ya tatu ni seva kuyatunza yenyewe na kukipa kivinjari chako namba ya muda tu, kama hospitali inavyotunza faili masjala na kumpa mgonjwa kadi.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Niliomba huduma katika mfumo wa taasisi moja, nikanakili kiungo na kukituma kwenye kundi la WhatsApp ili wenzangu nao waombe. Muda si mrefu mmoja akanipigia: "Kaka, mbona namba yako ya NIDA imo humu?" Tarakimu zote 20 zilikuwamo, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku niliyozaliwa. Niliufuta ujumbe, lakini waliousoma walikuwa wamekwisha kuusoma. Laini ya simu hubadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi.

Kosa hilo halikuwa la mjaza fomu peke yake. Kanuni za kimataifa za mtandao zilizochapishwa mwaka 1999 ziliwaonya watengenezaji wa mifumo wasipitishe taarifa nyeti katika anwani. Nasi tunazo kinga zetu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia hupokea malalamiko ya wananchi.

Ndugu wananchi, nawaomba tuzingatie mambo manne. Kwanza, kabla ya kujaza, hakikisheni anwani inaanza na https. Bila herufi hiyo ya "s", hata kilichofichwa ndani ya bahasha chaweza kusomwa njiani. Pili, kila mkibonyeza "Endelea", tazameni mstari wa juu. Mkiona jina au namba yenu pale, simameni, mwulizeni mhusika wa mfumo. Tatu, msimtumie mtu kiungo kilichonakiliwa katikati ya fomu. Mpeni jina la tovuti, aanze mwenyewe mwanzo. Nne, mkimaliza, tokeni kwenye akaunti na kufuta kumbukumbu za kivinjari. Asiyejua amwombe mwenye steshenari amwoneshe, naye asione usumbufu.

Mkiona mfumo wowote wa Halmashauri unaoanika taarifa zenu, leteni habari ofisini kwetu. Hilo si kutulaumu, ni kutusaidia.