Sahani ya Dakika 28

Jioni hii sitawaeleza habari za kilimo wala za afya, bali za sahani moja ya santuri ambayo watu walipoletewa hawakuitaka. Jina lake ni Pink Moon, maana yake mwezi wa rangi ya waridi, na mwimbaji wake ni Mwingereza aliyeitwa Nick Drake.

Kijana huyu alizaliwa Rangoon, katika nchi ya Burma, mwaka 1948, baba yake akiwa injinia huko. Angali mdogo alirudishwa Uingereza, akakulia katika kijiji cha Tanworth-in-Arden. Mama yake alikuwa akipiga piano na kutunga nyimbo zake mwenyewe pale nyumbani, basi mwana hakwenda mbali kutafuta mwalimu. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma fasihi ya Kiingereza, akatoka kabla ya kumaliza, ili ashike muziki. Alitoa sahani mbili, ya kwanza mwaka 1969 na ya pili mwaka 1971, ambamo mlikuwa na fidla, ngoma na tarumbeta, zikipigwa na mafundi hodari. Walizinunua watu wachache sana. Wala yeye hakuweza kuzitangaza, maana alikuwa mwenye haya nyingi. Akipanda jukwaani alikaa kimya baina ya wimbo na wimbo, akizikaza na kuzilegeza nyuzi, watu nao wakaanza mazungumzo yao.

Kidogo kidogo ugonjwa wa huzuni ukamwingia. Sisemi huzuni ya kufiwa au ya kukosa fedha, ambayo kila mmoja wetu aijua. Nasema ile imfungayo mtu kinywa na mikono, hata jamaa zake wakamwona kama yupo na kama hayupo.

Katika hali hiyo, mwezi wa Oktoba 1971, alikwenda London kwa fundi wake wa kunasa sauti, John Wood. Walifanya kazi usiku, kwa muda wa siku mbili tu. Safari hii hakutaka fidla wala ngoma. Aliketi na gitaa lake akaimba, na nyimbo zote 11 ni sauti yake na gitaa hilo, isipokuwa katika wimbo wa kwanza, ambao aliongeza piano kidogo kwa mkono wake mwenyewe. Piano hiyo hutokea mara moja, noti chache tu, kisha haisikiki tena hata mwisho wa sahani. Mara ya kwanza nilipoisikia nilidhani itarudi, nikaingoja.

Nikiri kwamba nilipoipata sahani hii niliiweka kando. Niliona kama mtu aimbaye na huku hataki asikiwe. Nimeifahamu kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye naye alipatwa na ugonjwa huu. Miezi mingi hakusema neno, na pale kijijini wengine walimwita mvivu, wengine wakasema amerogwa. Lakini kila siku alikaa chini ya mwembe akifuma wavu. Siku moja marehemu baba aliuchukua wavu ule akaupima kwa vidole, jicho kwa jicho, akaona macho yote sawasawa. Hakusema kitu, akamrudishia. Usiku ule niliitoa ile sahani nikaisikiliza upya, na sasa nikasikiliza mikono.

Ndugu zangu, mikono ile haikukosea. Dole gumba lapiga nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, na vidole vingine vyajibu juu, hata asiyejua hudhani wapo wapigaji wawili. Nyuzi zenyewe amezilegeza kwa namna yake, si kama wapigavyo wengine, kwa hiyo wanafunzi wangu wanaojua gitaa hujaribu kumfuatisha wakashindwa, mpaka waambiwe siri hiyo. Umo wimbo mfupi usio na neno hata moja. Umo mwingine ambao gitaa larudia mapigo yale yale tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno yake ni machache mno. Wa mwisho ni mwepesi na mchangamfu, wataja asubuhi.

Sahani ilitoka Februari 1972, ikauzwa kidogo kuliko zile mbili za kwanza. Mwenyewe alirudi kwa wazazi wake, akafa huko usiku mmoja wa Novemba 1974, kwa dawa za ugonjwa wake zilizopita kipimo. Alikuwa na umri wa miaka 26. Aliyechunguza kifo hicho alisema amejiua. Wako waliomjua ambao hawakukubali. Mwaka 1999 kampuni ya motokaa ilitia wimbo wake wa kwanza katika tangazo huko Marekani, na watu ambao walikuwa hawajalisikia jina lake wakaenda madukani kuiulizia.

Tangu hapo wengi huisikiliza kama wosia wa maiti. Mimi sikubaliani nao. Alipoiimba alikuwa kijana wa miaka 23 aliye hai, amechagua nini kiingie na nini kiachwe, na miaka mitatu ilikuwa bado mbele yake. Mtu akiisikiliza kwa kutafuta mauti tu, atazisikia nyimbo 10, na ule wa asubuhi hatausikia. Wazazi wake waliusikia: majivu yake yamezikwa chini ya mwaloni katika uwanja wa kanisa la kijijini, na nyuma ya jiwe la kaburi yamechongwa maneno ya wimbo huo wa mwisho.

Mdogo wangu yu hai, na wavu ule ulivuliwa hata ukachakaa. Nilimpigia sahani hii alipopata nafuu. Alisikiliza dakika zote 28 bila kusema, kisha akauliza kama gitaa ni moja au ni mawili.