MTOTO AENDAPO KAMBINI
Jinsi ya kumsaidia asishindwe na hamu ya nyumbani



Likizo ya Agosti ifikapo, watoto wengi walio maskauti hutoka makwao kwenda kambini. Mtoto wa Mau Narok, aliyezoea baridi ya nyanda za juu, mashamba ya ngano na viazi, na moto wa jikoni kwa mamaye, hushuka kwa gari kupitia Njoro na Nakuru, na huenda akafika hata Rowallan, kambi ya maskauti iliyoko Nairobi. Mchana hucheza na kuimba pamoja na wenziwe. Lakini usiku uingiapo na taa kuzimwa, ndipo akumbukapo kwao. Tumbo humwuma, chakula hakipiti kooni, na machozi humtoka chini ya blanketi.

Jambo hili si uoga, wala si dalili ya malezi mabaya. Wahenga walisema: Nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni. Mwaka 2007 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa maelezo ya wataalamu wawili, Christopher Thurber na Edward Walton. Walieleza kwamba karibu kila mtu atengwaye na kwao huipata hamu hiyo kwa kiasi fulani, na kwamba yaweza kupunguzwa sana ikiwa mtoto atatayarishwa kabla ya safari.

Matayarisho ya kwanza ni mazoezi. Mtoto asiyelala nje ya kwao hata usiku mmoja asitazamiwe kukaa kambini juma zima bila taabu. Yafaa alale kwanza kwa bibi au kwa shangazi siku mbili tatu, ajifunze kutandika kitanda chake na kufua soksi zake bila kuambiwa.

La pili, mtoto ashirikishwe. Na atazame kalenda pamoja na baba yake, ahesabu siku za kwenda na za kurudi. Afunge mzigo wake mwenyewe, ajue sweta iko wapi na tochi iko wapi. Aelezwe pia atalala wapi, atakula nini, na usiku akitaka kwenda chooni afanyeje. Ikiwa hukojoa kitandani, mzazi amwambie kiongozi kwa siri mapema, ili mtoto asije akaaibishwa mbele ya wenziwe.

La tatu ni kuangalia maneno. Wazazi wengi humwambia mtoto, "Ukishindwa, nitakuja kukuchukua." Maneno haya hutoka katika upendo, lakini humdhuru. Mtoto hutambua kwamba hata mzazi wake hana hakika naye, na tangu siku ya kwanza huwaza gari la kumrudisha tu. Tena mzazi asipofika, mtoto huona amedanganywa. Ni afadhali aambiwe ukweli: "Huenda ukatukumbuka. Ukitukumbuka, mwambie kiongozi wako, kisha ungana na wenzako. Siku zikitimia, utanikuta stendi nikikungoja." Na mama akitaka kulia, asilie mbele ya mtoto anayepanda gari.

Tena kuna simu ya mkono. Sauti ya mama wakati wa kulala mara nyingi huamsha machozi yaliyokwisha kutulia. Barua fupi iliyotiwa ndani ya mzigo, yenye habari za ndama na za wadogo zake, humfaa zaidi.

Viongozi nao wana kazi yao. Robert Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alipofanya kambi yake ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi wa Agosti 1907, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake. Mtoto aliye katika kikosi kidogo hupata kama ndugu wapya. Akikosekana penye chakula huonekana mara moja. Kadhalika, apewe kazi: kuteka maji, kuokota kuni, kupandisha bendera. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mtoto mwenye hamu ya nyumbani apewe jembe siku ile ile ya kwanza. Wala asichekwe. Anayechekwa hujifunza kuficha, na mtoto afichaye uchungu wake ndiye awezaye kutoroka usiku.

Hata hivyo, si kila chozi ni la hamu ya nyumbani. Hamu ya kawaida hupungua siku hata siku. Mtoto akizidi kudhoofika, akikataa chakula na usingizi, au akimwogopa mtu fulani, lazima asikilizwe faraghani na kuaminiwa. Pengine ni mgonjwa. Pengine amepigwa au ametendewa jambo lisilofaa. Hapo mzazi aitwe bila kukawia. Kumrudisha mtoto wa namna hiyo si kushindwa, ni kumlinda.

Mtoto atakaposhuka stendi, nguo zimejaa vumbi, asiulizwe kwanza kama alilia. Aulizwe alijifunza nini, na uji wake uwe tayari. Hapo atajua kwamba kwao hakukuhama, na safari ya pili, pengine ya kwenda shule ya bweni, itakuwa nyepesi kwake.