MAENEO YA WAZI NI AMANA: WAKAAZI WAULIZWE KABLA YA MCHORO

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi)



Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumzia jambo linaloigusa kila shehia na kila mtaa, nalo ni kuwashirikisha wakaazi pale maeneo ya wazi yanapopangwa upya. Kwa maeneo ya wazi nakusudia uwanja wa watoto, bustani, soko, diko, na hata kivuli cha mwembe ambapo wazee huketi baada ya swala ya alasiri. Mifano yangu mingi nitaitoa Mtwara, kwa kuwa pwani ile, kama visiwa vyetu, ina mji wa kale na mji uliochorwa, na yote miwili ina la kutufundisha.

Mikindani ni mji wa kale wa biashara. Nyumba zake za mawe na vichochoro vyake vilikua polepole, kwa haja za waliokuwa wakiishi humo. Mtwara, ulio jirani, ulipangwa baada ya mwaka 1947 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Serikali ya Kiingereza. Barabara pana zikachorwa na bandari yenye kina ikaanza kujengwa. Mradi ukaachwa mwaka 1951, bandari ikakamilika mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa. Kwa miaka mingi mji ule ulibaki na nafasi kubwa kuliko shughuli zake, maana ulikuwa umechorwa kwa hesabu ya karanga.

Somo lake ni kwamba nafasi tupu peke yake haiwi uwanja. Uwanja huwa uwanja pale watu wanapoujua, wanapoutumia na wanapoulinda. Usipokuwa na wa kuutetea, leo hutupwa taka, kesho huwekwa kibanda, na keshokutwa huonekana msingi wa nyumba. Na uwanja ukishajengwa, ni nadra sana kurudi.

Ndugu watumishi, kuwauliza wananchi si hisani. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji itangaze kusudio lake, ikutane na wadau wa eneo, na iweke rasimu hadharani ili watu watoe maoni yao. Hali kadhalika, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, inaongozwa na sheria ya mwaka 1994 inayotaka halmashauri za vijiji zishauriwe katika mpango wa uendeshaji. Ikiwa bahari haipangwi bila ya wavuvi kuulizwa, uwanja wa mtaa utapangwaje bila ya wanaoukalia?

Hata hivyo, mkutano unaweza kuitishwa na watu wasipatikane. Asiyekuwapo na lake halipo. Mkutano wa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, huwakosa kinamama walioshuka pwani kutafuta pweza na chaza. Mkutano wa msimu wa korosho huwakosa walioko mashambani. Kwa hivyo afisa atazame kwanza kalenda ya maji, ya mavuno na ya swala, kisha ndipo aandike tangazo lake.

Wakikutana, watu wasionyeshwe mchoro uliokwisha. Watembee pamoja na mpimaji katika eneo lenyewe, waonyeshe maji ya mvua yanapopita, watoto wanapocheza, nyavu zinapoanikwa, na mahali penye kiza usiku. Vijana na kinamama wasikilizwe peke yao pia, maana mbele ya wazee wengi hunyamaza. Baadaye mchoro urudishwe kwa watu hao hao, waelezwe kwa Kiswahili chepesi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Mwisho mipaka iwekwe mawe na iandikishwe, na ijulikane nani atafagia na nani atalipia taa.

Hapa Unguja tumekwisha kuonja faida yake. Katika miaka ya 2010, kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo iliwashirikisha wakaazi katika kuyataja maeneo wanayoyathamini, kabla ya mpango wa eneo lao kuandikwa. Sehemu ambazo mgeni angeziona ni uwanja mtupu, wenyeji walizijua kwa majina na kwa historia zake.

Ndugu zangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu ana kipimo na mkaazi ana habari, na kila mmoja anamhitaji mwenziwe. Nawaomba watumishi waulize mapema, na nawaomba wakaazi wahudhurie, waseme, na walinde kile walichokubaliana.